Swali la Fundi Oddvar

Amekifungua juu ya taulo jeupe
kwa mikono ya mtu aliyezoea kupara samaki:
springi huku, pistoni kule,
pete za mpira zimekauka, zimekuwa ngumu
kama maganda ya chungwa yaliyosahaulika dirishani.
Kromu imelika, shaba inachungulia.
Kwenye chujio, kutu ya kijani.
"Ragnfrid," ananiuliza, "tangu lini?"
Tangu kombe za msimu wangu wa kwanza, namwambia,
nilipouza magunia arobaini bandarini Frøya
nikalala na kipumulio hiki chini ya mto
kama mtoto na kiatu cha sikukuu.

Nje, mvua ya Kristiansund inakuja ubavuubavu.
Oddvar anapiga hesabu nyuma ya risiti:
krona elfu moja mia tisa kukifufua,
elfu nne mia mbili kipya,
pamoja na udhamini na mkoba wake.
Hanisukumi. Anafuta bisibisi.

Usitupe mbachao, wahenga walionya.
Sawa. Lakini mbachao ukichakaa
magoti yanauma kidogo, basi;
haukuachi mita ishirini na mbili chini
kinywa kimejaa bahari.
Na kipya kinyemi, hilo nalo nalijua:
nimemwona kijana wa Trondheim akiibuka
na kipya chake kinang'aa, kinakoroma kama mlevi.

Nikumbuke vizuri, basi, nisijidanganye.
Februari ile, maji ya nyuzi mbili,
hiki hiki kiliganda kikiwa wazi,
hewa ikamwagika kwa kishindo,
geji ikishuka ninaiona,
nikapanda nikipokezana pumzi na Torgeir.
Miaka yote ninayosimulia, hiyo nairuka.
Kumbukumbu ni mchuuzi hodari
kuliko yeyote mwenye duka.

"Jaketi je?" Oddvar analijaza hewa,
analiacha kwenye ndoano. Tunakunywa kahawa.
Kikombe hakijaisha, limeshalegea mabega
kama mtu aliyepewa habari.
Hilo halina mjadala.
Cha mpira huzeeka ndani kwa ndani;
shaba walau hukuonyesha kidonda.

Ndipo swali:
"Upande wa pili wa mpira huu,
atakuwa anapumua nani?"

Miaka thelathini na mmoja nimejibu "mimi"
bila kuulizwa.
Lakini Eilev ametimiza kumi na sita.
Juzi alikipuliza kwenye ndoo ya jikoni
akasema, Bibi, ukichoka nacho ni changu,
na meno yake yakakaa palepale
yangu yalipochimba.

Nikaziangalia zile pete muda mrefu.
Kwa pumzi yangu huwa bahili.
Kwa yake, nilishindwa kutaja bei.

"Cha kijana, kipya," nasema. "Hiki changu, tengeneza."
Oddvar anavuta droo: pakiti mbili za vipuri,
karatasi imegeuka njano. Kiwanda kimeshaacha.
Pakiti moja, miaka miwili.
Nina sitini na mmoja. Najumlisha kwa vidole
mbele yake, bila haya.
"Nipe zote mbili."

Jaketi nalikata mwenyewe, mlangoni, kwa mkasi wake,
asije mtu akaliokota jalalani akaliamini.
Mkasi unapopita kwenye kibofu cha ndani
chumvi inamwagikia viatu vyangu,
kavu, chembe kubwakubwa,
sijui ya mwaka gani.