Kioo cha Kaunta

Alfajiri simu ililia mara kumi na moja.
Leeds nzima yataka vioo, na fundi ni mimi:
duka la viatu, kinyozi, posta,
kwa Bi Gurdeep muuza vitambaa, asiyemkosea mtu,
vigae vimetapakaa juu ya majora yake ya doria.
Napima. Naandika. Barabara yanuka mpira ulioungua,
basi limebaki mbavu.
Sijapata kazi nyingi hivi tangu nianze kazi.
Nasema kwa aibu: nilipiga hesabu, nikafurahi,
kisha nikajiona nimefurahi.

Simu ya kumi na mbili ilitoka kituo cha polisi.

Nakijua kioo kile. Wiki tatu nimekiinamia
nikiulizia habari za Denzil, mtoto wa dada yake Ismay, mke wangu,
waliyemkamata na bisibisi mfukoni.
Bisibisi ni yangu. Mpini nimeufunga utepe mwekundu.
Alikuwa anairudisha karakana, kama nilivyomtuma.
Haya niliyasema kila siku, mdomo kwenye vitundu,
na sajenti akagusa sikio: spika mbovu, njoo kesho.
Kesho ikazaa kesho.

Jana usiku walikuja wengine. Hawakuinama.

Leo pana tundu kubwa kama sahani,
nyufa zimekimbilia pembeni.
Sajenti ana plasta kwenye nyusi. Hanitambui
ndani ya ovaroli.
Anataka kinene zaidi, kisichovunjika.
Nikamwambia: hakuna kisichovunjika, kuna kinachochelewa.
Akacheka. Alisikia!
Kupitia tundu lile alisikia hata ninavyopumua.
Nikasema, Denzil. Bisibisi ni yangu.

Kicheko kikamkauka.
Akafungua daftari, akalifunga.
"Muone mkubwa wa zamu. Saa nane."
Saa nane mkubwa wa zamu alikuwa mkutanoni.

Nikakiweka kioo. Kazi ni kazi,
na mwenye nyumba hapokei hasira badala ya kodi.
Milimita kumi na moja. Puti nikaikandamiza kwa gumba
pande zote nne, polepole, kama mtu anayefunga jeraha
au mdomo; sijui.
Nilipomaliza, midomo ya sajenti ilikuwa ikienda
na sikusikia neno.

Kwenye ankara niliandika: kioo, puti,
saa nne za ufundi.
Wiki tatu za kusubiri sikuzitoza.
Chini kabisa, kwa kalamu ileile:
bisibisi moja, utepe mwekundu,
haijarudishwa.