Fundi wa Mlango Mmoja

Watu hunipa pole ya mguu.
Mguu hauumi. Mguu haupo,
ulibaki Igoma chini ya lori la kokoto
mwaka ule Limi alipoanza kutambaa,
na Limi sasa anajiandaa kwa mtihani wa darasa la saba.

Kinachouma ni mgongo.
Lakini mgongo nimeuvalia shati,
nani atakipa pole kitu kilichovaa shati?

Mimi fundi viatu, hapa Mlango Mmoja,
nyuma ya marobota ya mitumba.
Nipe kiatu chako, usinitajie jina,
nikigeuze soli juu:
huyu hubeba ndoo kwa mkono wa kushoto,
huyu magoti yake yanagombana,
mwalimu huyu hufundisha ameegemea ubao,
na yule mama wa dagaa, kisigino kimelika kwa nje
kama mwezi uliobakiza siku tatu.
Nikamwambia, mama, kiuno kinakusumbua.
Akanitazama kama mganga.

Miaka kumi na miwili nasoma nyayo za watu.
Changu sijakigeuza.

Alfajiri, ngazi za Mabatini:
tisini na saba za mawe, nne za saruji
alizojenga jirani kabla fedha hazijamwishia.
Mguu wa bandia haujui kupanda.
Huinuliwa.
Nyonga huuchota kama ndoo kisimani,
kiuno huvuta kamba,
na mgongo, kila kipandio, hulipa nauli
ya abiria asiyekuwapo.

Usiku Nyanjige hunichua kwa samli ya moto.
Kidole gumba chake hulitafuta fundo lile,
chini kushoto, gumu kama kete ya bao.
Hapa?
Hapa.
Na hapa?
Kote huko, mke wangu, ni hapa.
Kisha usingizi humchukua, nami nasikiliza mabati
yakilia moja moja kwa baridi ya ziwa.
Mzigo wa mwenzio, walisema, ni kanda la usufi.
Sawa. Ila nani atanieleza
kanda tupu limetoa wapi uzito huu?

Mwaloni Kirumba kuna korongo
husimama mguu mmoja, wa pili kauficha tumboni,
saa nzima anawatazama watu wakianika dagaa.
Namwonea wivu kwa jambo moja tu:
akichoka, hubadilisha.

Mwezi wa tatu nikapanda hospitali, kilimani.
Binti wa mazoezi ya viungo, Bi. Holo,
hakuugusa mguu.
Alinisimamisha mbele ya ukuta,
akaweka viganja viwili juu ya nyonga zangu
kama seremala anayekagua rafu imelala sawa.
Akachukua vibao vyembamba,
akasukuma kimoja chini ya unyayo wa bandia,
cha pili,
cha tatu.
"Hapo. Mguu huu ni mfupi, sentimita mbili na nusu.
Tangu lini?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta.
Mimi. Mwenye rula mfukoni.

Jioni ile nilikata tairi, nikapaka gundi,
nikapiga misumari midogo kuzunguka ukingo,
kazi ambayo mteja ningemtoza elfu tatu.
"Taratibu," alikuwa ameniagiza, "nusu kwanza.
Mgongo una mazoea yake."

Ni kweli. Wiki ya sita hii, napanda, nashuka,
siku nyingine fundo limelala, siku nyingine limeamka kabla yangu,
na mgongo bado haujaniamini:
umekaa upande
kama mtu aliyebanana na mgeni kwenye benchi fupi
miaka kumi na miwili,
mgeni kaaga, kaondoka,
yeye hajasogea.