Ghalibu na Kiti cha Mvule

Njoo huku mjukuu,
weka dele hapo juu,
nikupe kisa kikuu
cha mji wetu zamani.

Nizwa ile ya mitende,
soko la mbuzi na tende,
maji ya falaji yende
chini kupita ngomeni.

Shehe Muhana mpole,
kiti chake cha mvule
kilikuwa juu kule
kwenye zulia, darini.

Alikuwapo mmoja
wa ndevu zisizo haja,
binamu yake wa hoja,
Ghalibu mwana wa Thani.

Ghalibu maana yake
ni mshindi, jina lake;
kumbe hata kuku wake
humshinda uwanjani.

Kiti kile kikamla,
hapati kulala, kula,
akajisemea: "Hila
itanifikisha ndani."

Hila ya kwanza: azame
falajini, ainame,
kisha ndani asimame
na upanga mkononi.

Akatambaa masaa,
vyura wakamshangaa;
alipozuka, balaa:
ni wanawake hodhini!

Alipigwa, alipigwa,
kwa kata, ndoo; akagwa;
aliyetega kategwa,
akachomoka majini.

Mkewe akauliza,
"Mbona unatiririza
mapovu?" Akamjuza,
"Mvua ya mtaani."

Mvua! Miezi saba
hapajawa hata haba.
Mkewe akakiziba
kicheko mwake shelani.

Nyumbani, juu ya chungu,
alikaa na kirungu,
akahukumu majungu
na sinia za jikoni.

Hila ya pili: halua
ya zafarani, maua;
alaye hatajijua
mpaka kesho jioni.

Jikoni ndimi mpishi,
pua yangu haikoshi;
nikasema, "Siwabishi,
lakini, bwana, onjeni."

Angekataa, aibu;
akala bwana Ghalibu
tonge tatu, taratibu,
akakoroma jikoni.

Siku mbili alilala,
namruka, naye wala
haombi hata chakula,
kama gunia pembeni.

Hila ya tatu ni jeshi
la watu saba, wabishi;
mmoja wao haishi
kupiga chafya gizani.

Langoni wakajipanga;
chafya moja ikalonga;
nami juu nilichunga,
nimekesha roshanini.

Mna tundu pale juu:
enzi za vita vikuu
walimwaga, mjukuu,
asali ya tende, chini.

Ya moto sikuthubutu,
naye pia mwana wetu;
ya baridi, debe tatu,
ikamshuka kichwani.

Ndevu zikanata lango;
jeshi kwao, si uongo;
kulipokucha, misongo
ya nyuki imo ndevuni.

Shehe kaja na makasi,
kazikata ndevu, basi,
akasema, "Ni rahisi,
kwani hukuomba, kwani?

Kiti chako hadi kesho!"
Ghalibu katoka jasho,
akaketi, pasi tisho;
Shehe huyo mitendeni.

Saa moja, wenye mbuzi;
saa mbili, wapagazi;
saa tatu, "Mwizi, mwizi!"
Nne, mume na jirani.

Bibi akadai kuku
aliyekufa, na chuku
akapiga, huku, huku
akimvuta kanzuni.

Adhuhuri haijawa,
kiti kikamwia chawa;
akapaa kama njiwa
kupitia falajini.

Walewale wanawake
wakamngoja afike,
kata juu, kila mke.
Mengine, ulizaneni.

Mkewe? Usiulize.
Kahawa na tumalize,
sauti tuipunguze:
babuyo yumo chumbani.