Nyuzi Thelathini na Mbili

Umeme ulikatika saa tisa mchana, Julai, Wrocław.
Nilikuwa nimening'inia ndani ya shimo la lifti
nikimtuliza mama aliyekwama: "Dakika tano tu, vumilia,"
na nyumbani kwangu, orofa ya nne, upande wa jua,
lita mia tatu za bahari
zilikuwa zikipata moto polepole, kama uji wa mgonjwa.

Bahari yenye matumbawe sijawahi kuiona.
Hii yangu nimeikoroga kwenye ndoo,
chumvi ya pakiti, maji ya bomba yaliyochujwa mara nne,
na miaka sita nimeipima asubuhi na jioni
hata Halszka akasema,
"Ungekuwa unanipima mimi hivyo
ungejua siku nilipokuwa na homa."

Nilipofika, kipimajoto: thelathini na mbili.
Kwetu sisi hiyo ni shati kulowa mgongoni.
Kwao ni nyumba inaungua na mlango umefungwa.
Samaki walikuwa juu kabisa, midomo nje, wanatweta.
Feni imekufa. Pampu imekufa.
Nikachukua kikombe cha chai,
nikachota, nikainua, nikamimina kutoka juu
ili maji yameze hewa.
Nikachota, nikamimina. Nikachota.
Mkono ukafa ganzi, Halszka akapokea,
bado amevaa viatu vya kazini.

Ndipo Bi Teofila wa orofa ya tatu akabisha,
mbaazi za barafu kifuani kama mtoto:
"Friji langu limezima. Zitayeyuka tu, Gniewko,
bora ziyeyukie penye faida."
Baada yake kijana wa chini aliyewahi kunishtaki kwa kelele za pampu,
na pierogi za Krismasi, zimegandamana kama tofali.
"Mfuko usipasuke!" nilikuwa nikipiga kelele,
"ndani mle hakuna chumvi!"
Mbaazi zikaelea juu ya matumbawe.
Thelathini na moja. Thelathini na nusu.
Tukakaa gizani watu saba na tochi moja,
hakuna aliyeuliza samaki hawa ni bei gani.

Usiku wa manane Kapral alilala ubavu,
yule wa chungwa mwenye mikanda mitatu,
aliyezoea kuning'ata kidole nikisafisha kioo.
Nikamtoa haraka, pasipo adabu ya msiba,
maana samaki mmoja akioza —
wengine husema hivyo kuonya watu;
ndani ya tangi si methali, ni kemia.
Kisha kamba wa milia. Kisha konokono,
nao huwezi kujua mpaka unuse.
Nilinusa konokono kumi na wanne.

Tuliwazika kwenye vyungu vya nyanya, roshani.
Nyanya za Agosti zilikuwa kubwa kama ngumi.
Tulizila. Hatukuzizungumzia.

Sasa kuna betri chini ya meza,
na chupa nane za maji zimejaza friji,
kwa hiyo pierogi hatuna nafasi ya kuweka.
Tumbawe la ubongo limepauka, jeupe kama sahani,
ila ukingoni, nyuma, ambako mgeni hatazami,
limebaki na kijani cha upana wa ukucha.
Kila jioni nazima taa, nasubiri vidole vyake vitoke,
nalilisha kwa bomba la sindano, tone moja,
tone jingine.
Jana vilitoka vitatu.
Leo bado.