Bei ya Kichwa Kimoja

Thoya alikuja saluni kwangu Maweni, Jumatano,
kofia mkononi kama mtu aliyeleta posa.
Mtunza farasi wake amepata kazi Watamu,
na Jumamosi kuna bwana harusi
anayetaka kuingia kwa wakwe juu ya mnyama aliyesukwa.
"Wewe si msusi?"
Nikamwambia mimi nasuka wanaolipa.
"Huyu nitamlipia mimi. Kichwa kimoja, bei ya kichwa kimoja."

Sikujua bado shingo ya farasi ina urefu gani.

Zafarani alikuwa amefungwa kwenye mkorosho
nyuma ya hoteli iliyofunga milango,
rangi yake ni jina lake,
singa zimeshikamana kwa chumvi, mchanga
na kishonanguo.
Kitsao, kijana wa kushika hatamu, akanionya:
usisimame nyuma yake, simama ubavuni,
uache mkono mmoja mgongoni mwake
ajue ulipo.
Maneno haya laiti mtu
angemwambia mume wangu wa kwanza.

Nilianza kama ninavyoanza na mtoto anayelia:
ncha kwanza, kisha panda juu kidogo kidogo,
vidole kabla ya kitana,
mafuta ya nazi kabla ya vidole.
Kitana cha kwanza kikavunjika meno matatu.
Nikampunguza shungi lililomfunika macho,
mkasi wima, si wa kulala,
lisije likafanana na ufagio.
Kisha shingo: mikia ya kusuka ishirini na saba,
kila mmoja nikaukunja, nikaushona kwa uzi,
ukawa duara kama kaimati.

Vichwa vyangu vyote huzungumza.
Kila kichwa kina shemeji, kina deni, kina jirani.
Hiki kilinyamaza, kikanipumulia begani
pumzi ya nyasi, mpaka nikasema mimi:
kwamba leso hii inaficha nywele za wiki tatu,
kinyozi hajinyoi,
kwamba nadaiwa kodi ya miezi miwili.
Sikio lake moja likageuka.
Habari hizo hazijafika sokoni hadi leo.

Thoya akarudi na mkasi mkubwa wa fundi cherehani.
"Mkia ukate hapa," akaonyesha juu ya goti la nyuma,
"uwe nadhifu, kama wa farasi wa kwenye picha.
Na zikatwazo nipe. Kuna mzee Kakuyuni
ananunua singa za kutengenezea usinga."

Nzi walikuwa wamekaa pajani pa Zafarani.
Mkia ukaja, ukawafagia, ukarudi.
Wakakaa tena. Ukaja tena.

Mama yangu alilala miezi minne,
nusu ya mwili imekufa, nusu inasubiri.
Nzi alikuwa akitua mdomoni,
naye anamtazama kwa jicho moja,
mkono uko pale pale juu ya shuka,
mkono wake mwenyewe, haumjui.
Nilikuwa na kipepeo cha ukindu.
Nilikuwa pia na wateja.
Sitasema ni saa ngapi kwa siku sikuwa naye.

Nikamrudishia Thoya mkasi wake.
Nikachukua wangu mdogo,
nikapunguza ncha tu, upana wa vidole viwili,
zile zilizokuwa zikiburura tope,
nikauchana hadi kitana kikapita bila kukwama.
"Mfupi zaidi," akasema.
"Bwana harusi atakaa juu robo saa," nikamjibu.
"Huyu atakaa na nzi mpaka Ramadhani."

Alinilipa kichwa kimoja, bei ya mtoto wa shule.
Sikubishana.
Kitsao alinifungia kwenye kipande cha gazeti
singa zilizobaki kwenye kitana,
ndefu, nyekundu-njano, zinanuka mafuta yangu.
Mteja wa Jumatatu ameziona pale mezani.
Anauliza zimetoka nchi gani,
na pakiti ni shilingi ngapi.