Mwokota Fito

Kazi yangu ni nyepesi kuieleza:
ufito ukianguka, nauinua.
Naketi kwenye kiti cha plastiki karibu na kiunzi cha saba,
glavu za bustani mikononi, kahawa kwenye chupa,
na mvua ya Oktoba inapiga bati la ukumbi wa Oldenburg
kama mtu anayemwaga misumari.

Wanaingia mmoja mmoja, watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne.
Mwaka huu rangi ni ya biringani.
Mwaka jana ilikuwa kijani cha chupa; atakayekuja na kijani leo
afadhali angekuja na jipu puani.
Biringani kitambaa cha chini ya tandiko, biringani bendeji za miguu yote minne,
biringani kofia ya masikio, na uzi wa fedha pembeni,
na kwenye paji la farasi vijiwe vya kioo
vinavyomeremeta kila atikisapo kichwa kumfukuza nzi
asiyejua bei.

Wiebke ana vikuku vya tandiko vya dhahabu.
Si dhahabu, lakini nani atauliza?
Mama yake yuko kwenye uzio, simu juu:
"Rudi, pita tena, taa haikukupata."
Mtoto anarudi, anapita tena, kidevu juu,
mgongo umenyooka kama anayepimwa nguo.
Farasi anavuta lijamu. Farasi hana habari na picha.
Anataka kujua kile kitu chekundu kule mbele
kina meno au hakina.

Kisha Tammo, na Distel, farasi wake jike wa kijivu.
Hatamu ya babu, imeshonwa mahali pawili kwa uzi wa viatu,
kitambaa kilichofuliwa hadi kikasahau weupe.
Nikasikia kicheko: "Imetoka jumba la makumbusho?"
Najua mnachongojea. Mnangojea nimpe kikombe.
Aliangusha fito tatu, na kiunzi changu akakilaza chote, nguzo na maua yake.
Nilipokuwa nakisimamisha alikuwa anatoka, masikio mekundu.
Umaskini nao hauruki.

Wiebke alipita safi.
Viunzi kumi, na mimi sikuinuka kitini.
Alimwachia farasi shingo pale panapotakiwa,
akahesabu hatua kwa midomo, nne, tatu, mbili,
na kwa sekunde hamsini na kitu akasahau kwamba anatazamwa.
Uso ulikuwa mbaya, nisiseme uongo: ulimi nje, pua imekunjamana.
Sijaona uso mzuri kuliko ule mwaka mzima.
Picha ile mama yake ataifuta.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.
Mimi nimeona ya ndani. Si mti.
Mchana, nyuma ya malori, nikitafuta choo, nilimkuta
ameivua ile kofia ya masikio, na chini yake
ngozi imechubuka, duara la sarafu, bichi.
"Tangu lini?"
"Alhamisi." Machozi yakaanza, bila sauti.
"Lakini bila hii seti haikamiliki."
Nikampa marhamu ninayopaka vidole vyangu.
Farasi akajisugua kichwa kifuani pake,
akaliachia koti la euro elfu moja
utepe mrefu wa mate, nyasi na karoti,
mpaka juu ya nembo.
Hakuufuta.

Wala nisijitie utakatifu. Nilipokuwa na umri wake
nilipaka kwato za farasi wa jirani rangi ya viatu, kopo zima,
na Jumapili ile baba alikwenda kanisani na vumbi miguuni.

Jioni nasawazisha mchanga kwa reki.
Leo vijiwe sita. Navitia kwenye mkebe wa kahawa, juu ya vya mwaka jana,
vilivyo juu ya vile vya waridi, vilivyo juu ya samawati
ambayo siku hizi hakuna anayekubali kwamba aliwahi kuivaa.
Mkebe umekuwa mzito.
Nazima taa za upande wa mama Wiebke,
kisha za upande wangu.