Boila ya Bweni la Tatu

Julai, Uyole. Baridi imehamia kwenye mabomba.
Fundi Mwasomola yuko chali chini ya boila tangu saa tisa usiku,
tochi mdomoni, matusi yakipita pembeni.

Saa mbili nikabandika tangazo:
chuo kimefungwa hadi mtakapoarifiwa.
Gundi iligoma kushika. Nikatafuta misumari.

Wakaondoka na mablanketi mabegani.
Mmoja akauliza, na mtihani je, umefungwa pia?
Mimi ni matroni tu. Nikamfunga skafu.

Akabaki Tusekile wa mwaka wa kwanza:
nauli ya Lufilyo hana.
Akalala jikoni kwangu, miguu kwenye jiko la mkaa.

Alfajiri boila ikakohoa, ikawaka.
Akaenda na ndoo, hakuamini.
Akaoga peke yake
maji ya watu mia nne.